Gurudumu la Mbele

Mstari wa kuanzia ni chaki tu.
Mhasibu mstaafu amepiga magoti kuuchora
mbele ya baa ya Westmeersen,
na nusu yake imeshafutwa na trekta.
Kiingilio yuro tano. Namba za mgongoni ni za mwaka jana;
yangu ina doa la damu ya mtu nisiyemjua,
nimeibana kwa pini nne, moja ya nepi.

Tuko wanne, jezi za njano,
njano ya haradali, si ya mabingwa:
Fons mwoka mikate, macho mekundu tangu saa tisa usiku;
Godelieve tarishi, anayewajua kwa majina
mbwa wote wa njia hii;
Wannes, miaka kumi na tisa, mapaja kama magogo;
na mimi, mwenye magoti mawili, moja la kuazima.

"Leo tunamfanyia kazi mtoto,"
Godelieve anasema, mdomo umejaa tende.
Mtoto anatazama viatu vyake.
Hajawahi kufanyiwa kazi na mtu.

Upepo wa Flandria haubishi hodi.
Hakuna mlima wa kuuzuia, hakuna hata kichuguu.
Tunajipanga mshazari, bega kwa bega,
mtoto nyuma yetu, amekingwa
kama kaa la moto linalobebwa kwenye kigae.
Hakuna anayesema. Kidole chini: shimo.
Kiwiko: pita, zamu yako.
Mgongo wa Fons naujua kuliko wangu:
mfuko wa kati ndizi, wa kushoto funguo za duka
zinazolia kila tukipita juu ya mawe.

Raundi ya sita kati ya nane,
penye shamba la viazisukari,
psss.
Kama mtu anayekuita pembeni akupe siri.
Gurudumu la mbele la Wannes.

Ningefikiri, ningebaki na langu.
Nilishuka, nikafungua komeo.
"Chukua."
"Na wewe je?"
"Nenda, mjinga wewe!"
Nikamsukuma kiunoni, nikikimbia kwa viatu vya chuma,
mpaka kijana akaniishia mkononi.
Kule mbele Fons na Godelieve wamepunguza mwendo,
shingo zimegeuka,
wanayapoteza mashindano yao kwa makusudi.

Kisha kimya.
Baiskeli yangu imepiga goti kama ng'ombe.
Kumbe ukiwa ndani mashindano ni ngurumo,
ukiwa nje ni uzi wa rangi
unaopita nyuma ya miti, hata bata hawageuki.
Mama mwenye shamba akaja na buti za mpira,
akanitazama, akalitazama tairi lililokata roho.
"Umeshinda?"
"Sijui bado."
Akalipima jibu. Akanikatia nusu ya tufaha.

Kengele ya raundi ya mwisho ni sufuria.
Niliisikia. Halafu upepo uleule
tuliogombana nao saa nzima
ukaniletea makelele, bila jina la mtu.

Wa saba.
Wa saba kati ya thelathini na mmoja!
Bahasha ina yuro kumi na mbili, mhasibu anataka sahihi.
Chipsi za watu wanne ni kumi na nne;
tukachangishana mbili, tukaketi juu ya ukuta wa kanisa.
Wannes hali. Anatuonyesha kona ya mwisho,
mikono imeshika usukani usiokuwepo,
na kila akirudia, kona inakuwa kali zaidi,
wapinzani wanarefuka.
Fons amesinzia, uma wa chipsi mkononi.

Gurudumu langu limeegemea ukuta.
Mhasibu aliuchora upya ule mstari
kabla hawajafika, safari hii mnene,
na tairi limebaki na ukanda mweupe, upana wa kidole.
Godelieve akatoa kitambaa alifute.
Nikamwambia aliache hivyohivyo,
nyumbani nitalipita polepole, nikikwepa madimbwi.